Kujifunza kuanguka: maswali ya wanaoanza judo, aikido na michezo mingine ya kutupana

Maswali haya hurudi kila kundi jipya linapokanyaga mkeka. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ukumbini, na pale ambapo sisi walimu hatukubaliani nimesema hivyo. Mengi yanaegemea judo kwa sababu ndiko nilikolelewa, ila mwili unaoanguka ni ule ule, uwe umevaa judogi, lile vazi la judo, au kaptula.

Nilikuja kujifunza kutupa watu. Mbona wiki ya tatu hii tunaanguka tu?

Kwa sababu atakayekutupa ni mwanafunzi mwenzako, na yeye pia bado hajui anachofanya. Katika michezo hii kila mtu hutupa na kutupwa kwa zamu. Ukimwazima mwenzako mwili wako mara thelathini jioni moja, mara zote thelathini unatakiwa uinuke mzima. Asiyejua kuanguka hukakamaa, mwenzake anakosa pa kufanyia mazoezi, na wote wawili wanabaki palepale.

Kuna sababu nyingine ambayo huonekana baadaye. Mtu anayeogopa kuanguka utamjua kwa mbali: ameinama, makalio nyuma, mikono imenyooka kama anayesukuma mkokoteni. Nguvu yake yote inaishia kwenye kuzuia. Hofu hiyo ikiondoka mgongo unanyooka wenyewe, na hapo ndipo mbinu za kutupa zinaanza kumkaa. Wiki tatu si nyingi. Mimi ningekuongezea mbili.

Ukemi ndiyo nini?

Ni neno la Kijapani. Sehemu ya kwanza inatokana na kitenzi cha kupokea, na *mi* ni mwili. Kwa hiyo ni namna mwili unavyopokea kinachoujia, hata kama mazoezini tunasema kuanguka tu. Anayetupwa huitwa *uke*, anayetupa huitwa *tori* (katika aikido utasikia *nage*). Kano Jigoro alisomea shule mbili za jujutsu, mapigano ya jadi ya Kijapani, yaani Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, kabla ya kuanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, na tangu hapo ukemi umekuwa mlango ambao kila mwanajudo hupitia.

Ni nini hasa kinachofanya anguko moja liumize na jingine lisiumize?

Hesabu yake ni ndogo, nayo inaeleza karibu kila kitu. Kitu kinachoshuka kutoka kimo cha mita 1, yaani takriban kiunoni mwa mtu mzima, hufika chini kikienda mita 4.4 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 16 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia kwa bidii. Mwendo huo lazima uishe, na swali ni utaishia ndani ya umbali gani. Ukiisha ndani ya sentimita 1, kama kiwiko kinapogota sakafuni, wastani wa nguvu inayokupata ni kama mara 100 ya uzito unaosimamishwa. Ukiisha ndani ya sentimita 10, kwa sababu magoti yalikunjika, mgongo ulijiviringa na mkeka ukabonyea, ni kama mara 10 tu.

La pili ni eneo. Nguvu ile ile ikitua kwenye ncha ya bega itavunja kitu. Ikitandazwa kwenye paja, ubavu, mgongo na mkono mzima itakuachia ngozi nyekundu. Basi kila utakachofundishwa ni ama kupunguza kimo, ama kurefusha njia ya kusimama, ama kutandaza eneo. Ukikutana na mbinu ya kuanguka isiyofanya hata kimoja kati ya hivyo, ni ya maonyesho.

Nikianguka mkono unatangulia wenyewe. Kuna ubaya gani?

Mkono ulionyooka ni nguzo. Uzito wote unaingia kiganjani, unapanda kwenye kifundo, kiwiko, bega, na pale penye udhaifu ndipo patakapoachia. Majeraha yake yanajulikana katika kila hospitali: mfupa wa kigasha kuvunjika karibu na kifundo cha mkono, kiwiko kuteguka, bega kutoka mahali pake. Kuna na kifupa kidogo kiitwacho skafoidi, chini ya kidole gumba. Hicho ni mjanja. Damu inakifikia kwa shida, hivyo hupona polepole, na picha ya eksirei ya siku ya kwanza yaweza isionyeshe ufa wowote. Kwa hiyo maumivu ya hapo yasiyoisha usiyapuuze eti ulishapigwa picha.

Mkono hautangulii kwa sababu wewe ni mjinga. Ni mwitiko wa mwili, unaojitokeza mtoto akiwa na miezi kama 6 hadi 9, na hubaki maisha yote. Kwa mtoto ambaye kichwa chake kiko nusu mita kutoka sakafuni unafaa sana. Kwa mtu mzima aliyenyanyuliwa hadi kiunoni mwa mwenzake haufai, na wala hauondoki kwa kuambiwa "usiweke mkono". Unafunikwa na tabia nyingine iliyorudiwa mara nyingi mpaka ikawahi kufika. Ndiyo maana ya kuchosha watu kwa mamia ya maanguko madogo.

Mimi mwenyewe, nikiwa na mkanda wa rangi na kiburi cha mkanda wa rangi, niliwahi kuweka mkono chini katika mashindano ili mgongo usiguse mkeka. Nilipoteza pointi ile ile niliyoikimbia, na juu yake miezi miwili ya mazoezi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilisalimika.

Nikiweza kukumbuka jambo moja tu, liwe lipi?

Kidevu kifuani. Unapoanguka nyuma au kando, tazama fundo la mkanda wako mpaka utulie. Mdomo umefungwa, ulimi ndani.

Watu hudhani hatari ni kisogo kugonga sakafu tu. Hiyo ipo, lakini kuna nyingine. Kichwa kinapotupwa nyuma kwa kasi halafu kikasimama ghafla, ubongo huendelea kuzunguka ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu inayounganisha ubongo na utando wake inaweza kukatika. Damu ikajikusanya, hata kama nje hakuna jeraha lolote. Ndiyo sababu mkeka mnene peke yake hauwezi kumlinda mtu ambaye shingo yake haijafundishwa.

Shingo nayo inafundishika. Lala chali, inua kichwa kidogo kidevu kikielekea kifuani, shikilia ukihesabu hadi kumi, teremsha taratibu. Rudia. Wanaoanza wengi hutetemeka kufikia mara ya nne, jambo linaloonyesha jinsi sehemu hii ilivyosahauliwa. Usisubiri uchoke ndipo uanguke: maanguko mabaya ya kichwa huja mwishoni mwa mazoezi, shingo ikiwa imeshachoka na hakuna anayelitambua.

Nianze vipi kuanguka nyuma?

Anzia ukiwa umeshaanguka. Yaani lala chali, kidevu kifuani, mikono imepishana kifuani, kisha piga mkeka kwa mikono yote miwili. Hakuna anguko hapo, kuna mkono na shingo tu, na ndicho kinachotakiwa. Ukizoea, kaa kitako ukiwa umekunja magoti, jiviringe nyuma, piga. Halafu chuchumaa. Halafu simama.

Kutoka kusimama, kosa kubwa ni kujirusha nyuma kama gogo linaloangushwa. Kalia visigino vyako kwanza: shuka mpaka makalio yawe karibu kabisa na visigino, ndipo uachie. Kimo kimeshapungua kabla hujaanguka. Kutoka hapo mgongo ni tumbo la mtumbwi, unabingirika kuanzia makalio hadi mabegani na kuishia hapo. Miguu ikirushwa sana juu ya kichwa itakupeleka shingoni, na viwiko vikitangulia utavijua usiku huo huo.

Ukiwa umefika kwenye kuchuchumaa na kichwa kinagusa mkeka mara moja kati ya kumi, rudi kukaa kitako. Sifanyi mzaha katika hili.

Kupiga mkeka kwa mkono kunasaidia kweli, au ni sauti tu?

Kunasaidia, ila kidogo kuliko wanavyodhani wanaopenda kelele. Mkono unachukua sehemu ya mshindo na kupanua eneo. Faida kubwa kwangu ni nyingine: mkono wenye kazi ya kufanya hauendi nyuma kujizuia, na mtu anayejua ni lini atapiga anajua pia ni lini atagusa chini.

Piga kwa mkono mzima kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, kiganja kikitazama chini, mkono ukiwa umefunguka kutoka ubavuni kwa nyuzi kama 30 hadi 45. Ukiufungua hadi nyuzi 90 bega linabaki wazi na kuvutwa. Ukiubana sana utaulalia. Upige pale mgongo unapogusa au nukta moja kabla. Baada ya hapo ni makofi.

Wenzangu wa aikido, hasa wale wanaofanya mazoezi juu ya mbao au mikeka myembamba, wengi hawapigi. Wanabingirika mpaka nguvu iishe. Sina ugomvi nao. Kwa anayeanza judo, ambako tori hukushika mkono mmoja hadi mwisho na hupewi nafasi ya kubingirika, kupiga ni lazima.

Na kuanguka kando?

Hili ndilo utakalolitumia zaidi judoni, kwa kuwa mitupo mingi humalizia ukiwa umelala nusu kando, nusu mgongo. Kwa upande wa kulia: pitisha mguu wa kulia mbele ya ule wa kushoto kana kwamba umeteleza, kunja goti la kushoto ushuke, kisha laza paja, ubavu na nyuma ya bega, mkono wa kulia ukipiga. Mkono wa kushoto upumzike kwenye mkanda, kwa maana siku ya kutupwa kweli utakuwa umeshika nguo ya mwenzako.

Tazama miguu ikishatua. Isipishane na isigusane. Magoti yamekunjika kidogo, mguu wa chini umelala kwa upande wake wa nje, wa juu umekanyaga kwa unyayo, katikati pana nafasi. Nimeona vifundo vya miguu vikigongana kwa sauti iliyonyamazisha ukumbi mzima, na mwenye navyo alikuwa ameanguka vizuri kila mahali pengine.

Usitue pembeni kabisa. Nyonga ina mfupa uliochomoza, bega nalo lina ncha. Ukilala pembeni kabisa umevikabidhi vyote viwili.

Kuanguka kifudifudi kunanitisha. Ni lazima?

Anzia magotini na kutisha kutaisha. Vigasha viwili vinatua pamoja, viganja chini, vidole vya mikono vikikaribiana mfano wa paa la nyumba. Uso geuza upande, ili pua isilipie makosa ya mikono. Tumbo na magoti havigusi. Umebebwa na vigasha na vidole vya miguu. Viwiko visitangulie, wala viganja: vyote kwa wakati mmoja. Judoni halitumiki sana, ila mtu aliyejikwaa njiani huanguka hivi hivi, kwa hiyo lifanye.

Kubingirika mbele kunanishinda. Kila mara bega linauma.

Hapo ndipo wengi hukwama, na kwa kawaida tatizo ni kuwa unapiga kichwangomba. Kichwangomba cha utotoni kinapita juu ya kichwa na kushuka katikati ya uti wa mgongo. Ukemi wa kubingirika unapita kwa mshazari: unaanza kwenye ukingo wa kiganja upande wa kidole kidogo, unapanda kigasha, kiwiko kilichopinda kidogo kuelekea nje, nyuma ya bega, unakata mgongo kwa mshazari, unatokea kwenye tako la upande wa pili. Kichwa hakigusi chochote. Ukianza na mkono wa kulia, tazama kwapa la kushoto. Macho yakienda huko kichwa hufuata.

Bega linaumia mkono unapolegea katikati ya safari. Fikiria mkono ni ukingo wa gurudumu: hauhitaji nguvu nyingi, unahitaji kubaki na umbo. Ukikunjika, unadondokea ncha ya bega, na hapo ndipo mtulinga huvunjika. Wengine wanaumia kwa sababu wanaogopa na kwenda polepole mno. Gurudumu linalokwenda polepole hupinduka. Sukuma kwa mguu wa nyuma.

Anza goti moja likiwa chini. Mwili wako utakuandikia majibu mwenyewe: baada ya kubingirika mara kumi, tazama mgongo wako kwenye kioo. Wekundu ukiwa ni mstari wa mshazari kwenye nyama, uko sawa. Ukiwa ni vinundu vyekundu juu ya mifupa ya uti wa mgongo, unapita katikati. Ukiwa umekaa kwenye ncha ya bega, mkono ulilegea. Hakuna mwalimu atakayeona vizuri kuliko hivyo.

Nilianguka nikashindwa kupumua kwa sekunde kadhaa. Ni hatari?

Inatisha kuliko inavyodhuru. Mshindo kwenye chembe cha moyo au mgongoni hukazisha kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mpaka kilegee hewa haiingii. Kunja magoti, tulia, toa pumzi ndogo ndogo, itarudi. Isiporudi upesi, au ukibaki na maumivu makali ya ubavu kila unapovuta hewa, mazoezi yameisha na daktari anahitajika. Dawa ya kuzuia ni kutoa pumzi pale unapotua. Anayepiga ukelele anafanya hivyo bila kufikiri, na ndiyo sababu siwakatazi.

Kizunguzungu baada ya kubingirika?

Ni kawaida kwa watu wazima ambao hawajapinduka tangu utotoni. Maji yaliyomo kwenye sikio la ndani yanaendelea kuzunguka wewe ukiwa umeshasimama. Bingirika mara tatu kulia, mara tatu kushoto, simama utazame kitu kimoja ukutani, endelea. Baada ya wiki chache hupungua. Kizunguzungu kinachokuja hata ukijigeuza kitandani ni habari nyingine. Hicho kipeleke hospitali.

Nitatupwa lini kwa kweli?

Kichwa chako kisipogusa mkeka katika maanguko yote ya kusimama, pande zote mbili, siku mbili tofauti. Nakupa kipimo kwa sababu kalenda hapa haina maana. Kuna wa wiki mbili na kuna wa miezi miwili.

Mtu wa kwanza kukutupa asiwe mwanafunzi mpya kama wewe. Tori ndiye mwenye breki. Tori mzoefu anabaki amesimama imara, hakulalii, na mwishoni anauvuta juu mkono wa nguo aliokushika, na hicho kimvuto kidogo ndicho kinachokizuia kichwa chako kushuka kwa nguvu. Tori mgeni huachia mkono au huanguka pamoja nawe.

Na mtupo wa kwanza usiwe osotogari. Nalisema kwa sauti kubwa kwa kuwa ni mtupo rahisi kuuonyesha, na walimu wengi huanza nao. Mguu wako unafagiliwa kutoka nyuma, mwili unakwenda chali moja kwa moja, na kichwa ndicho chenye safari ndefu kuliko vyote. Japani, ambako michezo ya kujihami ya jadi iliwekwa kuwa somo la lazima katika shule za sekondari za awali mwaka 2012, usalama wa judo ulizua mjadala mkubwa, na osotogari umetajwa mara kwa mara katika majeraha ya kichwa ya wanaoanza. Anza na mtupo ambao tori anaweza kukushusha kutoka kimo kidogo, hata akiwa amepiga goti.

Nikiona mtupo umeshaingia, niukatae?

Kabla miguu haijaondoka chini, kataa upendavyo. Ikishaondoka, acha. Anguko baya kupita yote ni lile la mtu aliyebadili mawazo hewani: anajikunja, anatafuta pa kushika, anageuka ili asitue mgongo, na anatua kichwa au kiwiko. Sheria za mashindano ya judo zenyewe zinamwondoa mchezaji anayejitosa kwa kichwa mkekani. Mazoezini hakuna pointi. Mtupo ukiingia, mpongeze mwenzako kwa kuanguka vizuri.

Nafanyia mazoezi nyumbani. Nitandike nini?

Mikeka ya judo kwa kawaida ni ya mita 1 kwa 2, unene wa sentimita 4 hivi, migumu kiasi cha kusimamia bila mguu kuzama. Ugumu huo una sababu yake: kwenye godoro laini la kulalia kifundo cha mguu huzama na kujipinda, na mikeka miwili inayoachana katikati hukamata vidole. Huna mkeka? Fanya yale ya kulala, kukaa na kuchuchumaa tu, juu ya zulia nene au nyasi zisizo na mawe, mbali na pembe za meza. Kubingirika na kuanguka kutoka kusimama vifanyie ukumbini, mbele ya mtu anayekuona.

Je, nimezeeka? Na nani asianguke kabisa?

Umri peke yake haukatazi, unabadilisha kimo. Nimewafundisha watu wenye miaka sitini na kitu ambao hawakuwahi kuvuka hatua ya kuchuchumaa, na hawakuhitaji kuvuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na sidhani kama kuna mbinu nyingine ya judo yenye manufaa mapana nje ya ukumbi kuliko hii.

Muone daktari kwanza ikiwa mifupa yako imepungua uzito, ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ikiwa umefanyiwa upasuaji wa jicho, shingo au mgongo, au ikiwa unapata kifafa. Mwenye ugonjwa wa Down achunguzwe shingo, kwa kuwa pingili mbili za juu huweza kuwa zimelegea. Mjamzito aache maanguko hadi baada ya kujifungua.

Niligonga kichwa, ila najisikia vizuri. Niendelee?

Hapana. Siku hiyo imekwisha, hata kama unaapa kuwa huna neno. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi haupotezi fahamu. Huja kama kichwa kizito, kichefuchefu, kuudhiwa na mwanga, usingizi usio wa kawaida, au mtu kuuliza swali alilouliza dakika mbili zilizopita. Usiachwe peke yako saa za mwanzo na usiendeshe gari. Kutapika mara kwa mara, maumivu yanayozidi, kuchanganyikiwa, udhaifu wa upande mmoja au degedege ni dharura: hospitali, mara moja.

Kurudi kwenye mazoezi huenda kwa hatua, kuanzia shughuli nyepesi, kila hatua isipungue saa 24, na dalili ikirudi unashuka hatua moja. Kutupwa ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya daktari kukubali. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuwa baya kupita kiasi hata likiwa dogo.

Hii itanisaidia kwenye lami?

Kidevu, mgongo wa mviringo, kushusha kimo: ndiyo, vyote vinahama nawe. Kupiga kwa mkono kwenye lami kutakuchuna ngozi na huenda kukaumiza mifupa ya kiganja. Hata hivyo mkono uliofunguka kando bado ni afadhali kuliko ule uliochomekwa nyuma kama nguzo. Wanaoendesha baiskeli huniambia kuwa kubingirika ndiko kulikowafaa. Kama umebeba kitu, kiachie. Watu huvunjika mikono wakiokoa simu.

Nikihamia mchezo mwingine nitaanza upya?

Si kwa kiasi kikubwa. Wanasambo, wachezaji wa sambo, mchezo wa Kirusi wa kutupana, wana mfumo wao uitwao kwa Kirusi *samostrakhovka*, maana yake kujilinda mwenyewe unapoanguka, na ukiutazama utawatambua ndugu wa ukemi. Wa hapkido, mchezo wa Kikorea, wana *nakbeop*, yaani mbinu zao za kuanguka. Aikido inabingirika zaidi na kupiga kidogo. Mieleka ndiyo tofauti kubwa: kwa kuwa mabega yakigusa mkeka umeshindwa, mwanamieleka hufundishwa kugeukia tumbo, na mazoea hayo judoni humletea ubishi wa hewani nilioueleza juu. Ukitoka huko, mwambie mwalimu siku ya kwanza.

Nitajuaje kwamba nimeiva?

Mwambie mwenzako akuguse begani kwa ghafla mnapozungumza, nawe uanguke upande aliokusukumia bila kukatiza sentensi. Ukinyamaza au ukivuta pumzi na kuishikilia, bado. Kisha rudia mwishoni mwa mazoezi ukiwa hoi, na rudia upande wa kushoto. Kushoto, kwa wengi wetu, huchelewa nyuma ya kulia kwa karibu mwaka mzima.